Sakafu Ilikuwa Kavu

Chang'ombe, Dodoma

Tabitha mwanangu,

Uko chumba cha pili na nasikia unavyohangaika na zipu ya begi. Ningeweza kusimama, nikapiga hatua sita, nikakwambia kwa mdomo haya ninayoyaandika. Leo nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unakunja sare zako, nikaishia kukuuliza kama umeweka soksi. Mara ya pili tulikuwa tunachambua mlenda, ukaniangalia ukasema, "Mama, una nini?" Nikasema kichwa kinauma. Ndipo nikachukua daftari.

Sitakuandikia habari za baridi ya Kondoa ulikopangiwa kazi, wala namna ya kuishi na mwenye nyumba. Hayo utayajua ukifika. Nataka kukueleza habari ya Bibi yako Damari na nyonga yake, maana hiyo unayoijua wewe siyo yenyewe.

Jumapili, shangazi zako walipokuja kukuaga, ulisimama sebuleni ukasema, "Mimi nilimwangusha Bibi nikiwa na miaka kumi na moja. Nilideki nikaacha maji. Ndiyo maana nimesomea uuguzi, na ndiyo maana nimeomba wanipange wodi yenye wazee." Walipiga vigelegele. Shangazi yako mkubwa alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Na mimi nilipiga makofi, Tabitha. Niliiona mikono yangu mwenyewe ikipiga makofi.

Hukumwangusha Bibi. Mimi ndiye niliyemwangusha. Soma mpaka mwisho kabla hujafungua mlango.

Unakumbuka alivyokuja kutoka kwake Zuzu, miguu imevimba mpaka kandambili hazimwingii. Presha ilikuwa imepanda sana. Alipewa dawa za aina mbili, na moja ilikuwa ya kutoa maji mwilini, ile inayomfanya mtu aende haja ndogo kila mara. Daktari alisema anywe asubuhi. Lakini asubuhi mimi naondoka kwenda zamu kabla Bibi hajanywa uji, na sikumwamini mtu mwingine kumpa. Nikaona nitampa zote usiku, nikiwepo. Niliona nimepanga vizuri. Wagonjwa ishirini wodini nilikuwa nawapangia dawa zao, mmoja nyumbani atanishinda?

Haikupita wiki, Bibi akaanza kuamka. Mara nne, mara tano. Anapapasa kuta, anagonga masufuria, anafungua milango isiyo yake. Siku moja aliingia chumbani kwako ukapiga kelele. Baba yako anaamka, mimi naamka. Jirani yetu mmoja akaniambia, "Mkweo uzee umempanda kichwani." Mwingine akaninong'oneza kwamba kuna mtu wa Zuzu amemtumia kitu. Huyu wa pili nilimcheka, wa kwanza nikamwamini. Mimi mwenye sare nilikuwa nabahatisha kama wao.

Kumuuliza Bibi mwenyewe, sikumuuliza. Hilo ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Kwenye wodi yangu nilikuwa namuuliza kila mzee, unaumwa wapi, umelalaje. Nyumbani kwangu nilikuwa nazungumza juu ya Bibi na kila mtu isipokuwa yeye.

Siku moja nilisimama mbele ya kabati la dawa kazini nikasahau nimefuata nini. Nilikuwa nimechoka kiasi hicho, na nikaogopa. Jioni yake nikapitia duka la dawa, nikanunua vidonge vya usingizi. Muuzaji aliiona sare yangu, hakuniuliza cheti. Nikampelekea Bibi kimoja na maji. Nikamwambia, "Mama, hiki ni cha kukupumzisha." Alikipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante mkamwana."

Alilala. Nyumba nzima ililala, nami nikajisifu. Wala sikujiuliza kwa nini mchana anasinzia tonge likiwa mkononi, wala kwa nini asubuhi nakuta shuka zimelowa, mtu ambaye hajawahi kulowesha kitanda. Ile dawa ya kutoa maji ilikuwa ikimwita, na kile kidonge changu kilikuwa kikimkataza kuamka. Mimi nikafua shuka nikasema ni uzee.

Baada ya wiki mbili kidonge kimoja kikawa hakitoshi, akaanza tena kuzunguka. Ijumaa ile nilimpa viwili.

Jumamosi nilikuwa zamu ya asubuhi. Ilikuwa imepita saa nne nilipoitwa mapokezi. Nikakuta pikapu ya mteja wa baba yako, baba yako amevaa nguo za karakana, na wewe umekaa nyuma umempakata Bibi kichwa. Mguu wake mmoja ulikuwa umegeukia nje na umekuwa mfupi. Nilijua ni nyonga kabla sijamgusa.

"Ameangukia wapi?" niliuliza.

"Koridoni, anakwenda chooni," baba yako akasema. "Huyu hapa alideki, akaacha maji."

"Nilikausha, Baba," ukasema.

"Nimekwambia mara ngapi, ukideki ukaushe?"

"Nilikausha! Nilideki mapema, kabla ya chai. Palikuwa pamekauka."

"Nyamaza."

Ukanitazama mimi. Nakumbuka ulivyonitazama, ukingoja nikutetee. Nikasema, "Tumwingize ndani kwanza."

Ndani nilisaidia kumvua nguo ili avalishwe gauni la wodi. Kanga yake ilikuwa kavu. Gauni lake lilikuwa kavu mgongoni, kavu ubavuni, kavu mpaka kwenye pindo. Mtu akiteleza kwenye maji hulowa, Tabitha. Nilizishika nguo zile nikazikunja polepole, na nikawa nimejua. Bibi alikuwa akizungumza kwa ulimi mzito, macho yanafumba katikati ya sentensi. Wenzangu walidhani ni maumivu.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Akauliza, "Mama anatumia dawa gani?"

"Za presha," nikasema.

"Hakuna nyingine yoyote?"

Baba yako alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia harufu ya chuma kwenye nguo zake. Nikasema, "Hakuna."

Nimejiuliza miaka hii yote kwa nini. Nilimwogopa baba yako. Niliogopa shangazi zako waseme mkamwana amemlewesha mama yao. Niliogopa kazi yangu. Lakini zaidi ya yote, niliogopa kuonekana mjinga mbele ya watu wanaoniita sista. Usidhani uongo wa aina hii unahitaji moyo mbaya. Kwangu ulihitaji neno moja, na nilikuwa nimelitamka kabla sijalifikiria.

Kwa kuwa nilisema hakuna, Bibi alichomwa sindano kali ya maumivu. Ilikuwa sahihi kwa mzee aliyevunjika nyonga, kama hana kitu kingine mwilini. Mimi nilijua anacho, na niliitazama ikiingia.

Ilikuwa mchana, baba yako amekwenda kurudisha pikapu ya mteja, jua linawaka dirishani, watu wanapita na vyakula vya wagonjwa wao. Nikakaa pembeni ya kitanda nikaanza kuhesabu pumzi zake. Kumi na nne kwa dakika. Nikajiambia, yuko sawa, sindano itamtuliza tu. Baada ya muda zikawa kumi na moja. Nilimwita, "Mama." Akafungua macho kidogo. Nikamwita tena, hakufungua. Tisa. Nilitoka mpaka mlangoni, nikarudi. Nilijisemea kwamba nikingoja kidogo dawa zitaisha zenyewe, na hakuna mtu atakayejua. Niliwaza hivyo nikiwa nimeshika kiganja cha mama wa mume wangu. Sikufichi.

Zilipofika nane, midomo yake ikawa imebadilika rangi. Hapo miguu yangu ilitangulia kabla ya akili. Nilimkuta Sista Perusi, msimamizi wetu wa wodi, anaandika.

"Sista, nimempa vidonge vya usingizi."

"Nani?"

"Mama mkwe. Wiki mbili. Jana usiku viwili. Sikusema."

Hakunigombeza. Alisimama huku akiuliza, "Vya jina gani? Saa ngapi?" Nilimjibu tukiwa tayari tunakimbia. Wakamwekea oksijeni, daktari akaja, Bibi akachomwa sindano ya kuizima ile ya kwanza. Mimi nilisukumwa mpaka ukutani kama ndugu yeyote wa mgonjwa. Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa nikisikia Sista Perusi akimwita kwa sauti kubwa, "Bibi! Bibi Damari! Vuta pumzi! Vuta!" Bibi akakohoa. Kisha akasema neno la Kigogo ambalo sitaliandika hapa, akimtukana aliyemchoma. Sijawahi kufurahia tusi kama lile.

Nilipoanza kulia, Sista Perusi alinivuta kando. "Mimi sitakwenda kuyasema kwenye familia yako," akasema. "Hayo ni yako. Lakini mwanao yuko kwenye benchi pale nje tangu asubuhi. Hajala. Anasema ameua bibi yake."

Nikatoka. Ulikuwa umekaa, mikono katikati ya magoti. Uliposimama ulisema, "Mama, nilikausha. Lakini labda sikukausha vizuri." Masaa machache tu yalikuwa yamepita, na tayari ulikuwa umeanza kuacha kuyaamini macho yako.

Nilikukumbatia, nikasema, "Basi mwanangu. Bibi atapona. Nimekusamehe."

Nimekusamehe. Mimi, wewe. Vidonge vile niliviandikia maelezo kwa mkono wangu Jumatatu, mbele ya muuguzi mkuu, nikapewa onyo nililostahili. Nyumbani nilisema nimeitwa kwenye kikao. Kosa lile la dawa lina karatasi yake na limefungwa. Lakini neno lile nililokwambia kwenye benchi halikuwahi kufungwa popote. Uliposikia umesamehewa, ukaamini kuwa umekosa. Tangu siku hiyo nilikuona ukipiga magoti na tambara kavu kwenye kila sakafu ya nyumba hii, na hata kwa watu ukienda mgeni. Nilikuona, na nikawa naondoka pale ulipo.

Bibi alipasuliwa, akarudi kwetu na fremu yake ya kutembelea. Safari hii nilivuta kigoda nikakaa mbele yake. Nikamuuliza, "Mama, usiku ulikuwa unaamka kufanya nini?"

Akanishangaa. "Kukojoa, mkamwana. Wewe ulidhani nakwenda wapi?"

"Na milango uliyokuwa unafungua?"

"Nyumba yenu ina milango mingi na yote inafanana. Kwangu Zuzu nikitoka nimetoka."

Ndiyo hivyo tu. Nikarudisha ile dawa ya maji asubuhi, kama daktari alivyosema tangu mwanzo, nikamwomba baba yako achelewe kidogo kufungua karakana ili ampe yeye. Tukawasha taa ndogo koridoni. Mchana tukamtoa akae nje, achambue mboga, azungumze na watu, badala ya kusinzia kitandani. Goti lilikuwa linamuuma tangu zamani na hakuna aliyelishughulikia, tukalishughulikia. Akawa anaamka mara moja, anakwenda, anarudi, analala. Bila kidonge. Kwa miaka iliyobaki alilala vizuri kuliko mimi.

Nakuandikia haya kwa sababu huko uendako utakutana na wazee wa Kirangi, watu wa heshima, watakaokujibu "alhamdulillahi" hata wakiwa wamekesha siku tatu. Mzee akikwambia hajalala, au binti yake akikwambia mzee anasumbua usiku, utasikia mkono wako ukitaka kwenda kwenye kabati. Wangu bado unataka, mpaka leo. Mimi sasa huwa nakaa kwanza. Namwomba amwage mfuko wake wote wa dawa kitandani, na za miti shamba pia, bila kumnunia. Mwaka jana mzee mmoja aliyetoka huko huko milima ya Kondoa alimwaga vidonge vya presha vya zahanati tatu, majina matatu, dawa ile ile. Alikuwa anakunywa vyote kwa sababu hakutaka kumvunjia heshima daktari yeyote. Aliyesema kwamba baba yao amerukwa na akili alikuwa mwanawe, msomi, mwenye gari. Sikumcheka. Nilijiona mimi.

Na ukikosea, maana utakosea, utasikia neno "hakuna" limekaa tayari kwenye ulimi. Kile nilichokifanya kati ya pumzi kumi na nne na pumzi nane sitaki ukifanye. Kama kuna kitu ninachoweza kukupa, ni hicho.

Nina jambo jingine, na hili ni gumu kuliko hayo.

Bibi alijua. Ulikuwa kidato cha pili, amesharudi kwao Zuzu, nikaenda kumwona peke yangu. Tulisalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi, tukaongea habari za uwele na mvua. Halafu akasema, bila kunitazama, "Vile vidonge vyeupe, mkamwana, vilifanya miguu yangu iwe ya mtu mwingine. Asubuhi ile ukuta ulinikimbia."

"Ulivijua, Mama?" nikauliza.

"Nilivijua tangu siku ya kwanza kuwa si vya presha. Nilikuwa nakunywa kwa sababu ulikuwa umechoka. Nilikuona unavyokwenda kazini umechoka."

"Nisamehe, Mama."

"Nilishakusamehe siku nyingi. Lakini mtoto anadhani ni yeye. Kila akija hapa anashika tambara, anafuta sakafu ya udongo! Mwambie."

"Nitamwambia."

"Mwambie, mimi nikimwambia atadhani namfariji."

Nilimwahidi. Nikasema nitangoja ufanye mtihani. Ukafanya mtihani, nikasema nitangoja ufungue chuo. Bibi akafariki, nikasema sasa una msiba. Kila mara nilikuwa na sababu nzuri, na kila sababu ilikuwa kwa ajili yangu. Wewe ukazidi kukua na jambo lile, ukalifanya kuwa wito, ukalisimulia sebuleni watu wakapiga vigelegele. Nikaogopa kwamba nikikuondolea, nitakuwa nimekuondolea na sababu ya kuwa muuguzi. Bado naogopa. Inawezekana ukisoma haya utaona kazi yote hii uliichagua kulipia deni lisilo lako. Kama ni hivyo, una haki ya kulifungua begi hilo na kubaki. Lakini nimekuona mazoezini wodini kwetu, ulivyomgeuza yule mama mwenye vidonda mgongoni huku ukimweleza kila hatua kabla ya kumgusa. Hofu haimfundishi mtu kufanya vile. Ile ilikuwa yako mwenyewe.

Leo alasiri nilikwenda Kizota, karakana, nikamweleza baba yako. Nilitaka yeye ajue kabla yako, ili usije ukabeba tena siri yangu. Alizima mashine ya kuchomelea. Akavua miwani. Nilimaliza kueleza, akabaki anageuzageuza kipande cha bomba mkononi.

"Alisema alikausha," akasema.

"Ndiyo."

"Nikamwambia anyamaze."

"Ndiyo."

Akakitupa kile chuma, akatoka nje, akasimama barabarani muda mrefu mafundi wenzake wakimwangalia. Nilidhani haji tena. Aliporudi hakuniangalia, na mpaka sasa hajaniangalia vizuri. Sijui itakuwaje kati yangu na yeye, na hilo si la kukusumbua wewe. Lakini alisema jambo moja. "Usimpe barua aende kuisomea njiani kati ya watu. Asome akiwa hapa. Na mimi nina langu la kumwomba."

Kwa hiyo siiweki kwenye begi. Nitakupa mkononi alfajiri, ukiamka. Gari la Kondoa linaondoka saa tatu asubuhi. Nimehesabu, utakuwa na zaidi ya saa tatu, na muda huo nimeuacha makusudi, ili kama una hasira, na uwe nayo, uitoe nikiwa mbele yako na nikiwa na masikio ya kusikia. Sitakuomba unisamehe kesho. Nakuomba unigombeze.

Mama yako,
Loyce